Soda ya Sukari ya Miwa: Hesabu Gramu Kwanza

Katika maduka mengi ya vyakula Marekani, hasa ya Wamexico, utaikuta Coca-Cola ya chupa ya kioo yenye maandishi "Hecho en México". Bei yake huwa juu kuliko ya kopo la kawaida, na wako wanaoilipia wakiamini wanalinda afya, kwa kuwa imetiwa sukari ya miwa badala ya shira ya mahindi. Anayeifuata kwa ladha yake, hana kosa. Anayeifuata kwa ajili ya afya anapoteza pesa.

Shira iliingia kwenye soda za Marekani kwa sababu ya gharama. Serikali huko hubana sukari ya nje kwa ushuru na mgawo, hivyo sukari ni ghali, ilhali mahindi yamejaa na wakulima wake hupata ruzuku. Coca-Cola ilianza kuchanganya shira hiyo mwaka 1980. Kufikia 1984 shira ilikuwa imeshika nafasi ya sukari. Iliyobaki na sukari ni Coca-Cola ya kifuniko cha njano, inayouzwa kuelekea Pasaka ya Kiyahudi, kwa sababu Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya hawatumii mahindi siku hizo. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kuirudisha Coca-Cola ya sukari ya miwa katika maduka ya Marekani.

Sasa tuangalie kilichomo. Shira ya soda ina fruktosi kama asilimia 55, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni glukosi. Sukari ya miwa ni hizohizo mbili, nusu kwa nusu, ila zimeshikana. Tindikali ya soda huanza kuzitenganisha chupa ikiwa bado rafuni, na utumbo humalizia kazi haraka. Tofauti inayofika kwenye damu ni ndogo mno.

Kinachoumiza ni wingi. Kopo la Coca-Cola la mililita 355 huko Marekani lina gramu 39 za sukari, karibu vijiko kumi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za namna hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kopo moja tu, umeshapita.

Kwa hiyo geuza chupa. Lebo ikisema gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa ya nusu lita ina gramu 50. Gawanya kwa 4 upate vijiko: kumi na viwili na nusu. Usidanganywe na picha ya muwa wala neno "asilia". Afrika Mashariki tumekunywa soda za sukari ya miwa miaka yote, na kisukari kimetufikia vilevile. Mwenye ugonjwa huo azihesabu soda zote mbili sawasawa, na mtoto mwenye kiu apewe maji.