Ya Benki Yaache Benki

Wadogo zangu, kila vyuo vikifunga mkatawanyika kwenda fildi, najua mtakachoniandikia. "Dada, nimepata nafasi benki, idara ya TEHAMA, mtaa mzima umeshajua, mama kaninunulia mashati meupe, halafu nafika kule nabebeshwa printa." Mwingine yuko tawini hapa hapa Tanga mjini, wiki ya tatu anabadilisha wino, anafuata nyaya chini ya meza, anaitwa kaunta kwa sababu kompyuta imeganda. Anauliza kama aache.

Usiache. Kaa hapa tuzungumze, nitakugombeza kidogo, lakini najua uchungu wako. Kuingia mahali na ndoto kubwa halafu hakuna hata anayekumbuka jina lako kunavunja moyo, na wengi wenu mnalia kimyakimya kwenye bajaji ya kurudi nyumbani.

Tatizo ni kwamba ulikwenda ukitafuta kitu ambacho pale hakipo. Benki kubwa tunazozijua, CRDB, NMB, NBC, makao makuu yake yako Dar es Salaam, na mfumo mkuu unaobeba akaunti za wateja husimamiwa kutoka makao makuu. Nyuma ya kaunta ya tawi hakuna anayeandika programu. Hata huko makao makuu, badiliko dogo hupitia majaribio na idhini za watu kadhaa kabla halijagusa akaunti ya mtu. Usitegemee mwanafunzi wa wiki nane akabidhiwe mfumo huo achezeechezee. Ungekuwa na pesa zako mle, ungekubali?

Chukua siku ya mshahara. Walimu wamejaa, wastaafu wamekalia viti, kuna mzee katoka Pangani na basi la alfajiri, mara mtandao unakata. Kaunta zote zimeganda. Wewe usisimame ukutani na simu yako. Mtazame fundi mwenyeji. Anaanza na umeme, anakwenda kwenye ruta kuangalia taa, anajua ipi hupepesa na ipi ikizimika kuna jambo, anahakikisha kama laini ya akiba imeshika, ndipo anapiga simu makao makuu. Halafu, na hili wengi hamlioni, anakwenda kwa wahudumu kuwaambia wawaeleze nini wateja, kwa sababu mzee yule akiambiwa "subiri" tu, ataondoka akiamini pesa yake imeliwa. Hiyo ndiyo kazi uliyokuja kujifunza, na ulikuwa unaikunjia uso. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Jioni ukifungua logibuku, usiandike "leo nimejifunza netiweki". Msimamizi wako wa chuo keshasoma sentensi hiyo mpaka imemkinaisha. Andika laini ilikata saa ngapi, kipi kilijaribiwa kwanza na kwa nini, ikarudi saa ngapi. Ila anwani za ndani za mtandao usiziweke, wala jina la mteja. Kitabu hicho kinasomwa na watu wasio wa benki.

Mabinti, na hili nawaambia ninyi hasa: ukitumwa chai, nenda, adabu haimpunguzi mtu. Lakini ukitumwa chai kila siku wakati mwenzako wa kiume ndiye anayeitwa chumba cha mitambo, mwendee msimamizi wako umwambie, "Kaka, kesho naomba niwe na wewe kwenye ruta." Kimya chako watadhani ni ridhaa.

Sasa nisogelee vizuri, maana hapa ndipo vijana wazuri wanapopotelea.

Benki imejengwa juu ya kanuni kwamba mtu mmoja asiweze kumaliza jambo la pesa peke yake. Sefu hufunguliwa na wawili. Muamala mkubwa mmoja huuingiza, mwingine huuidhinisha. Basi siku ya pilikapilika, dada wa kaunta uliyemzoea, anayekugawia korosho zake, atakwambia, "Ingia tu na nywila yangu, mimi mikono imejaa." Utaona haya kukataa. Utajiambia kaniamini. Lakini ukiingia kwa jina lake, wawili mmegeuka mmoja, na kila utakachogusa kimeandikwa yeye. Kikiharibika ataulizwa yeye, naye atakutaja wewe, na wewe mle ndani huna jina la kukutetea. Jibu kwa upole: "Dada, naomba uingie mwenyewe, mimi nisimame pembeni nitazame." Atanuna kidogo, kisha atakuheshimu. Na flashi yako ya nyimbo na kazi za chuo usiichomeke kwenye kompyuta yao hata mara moja.

Ukitoka hapo, mtihani mwingine unakungoja mtaani. Tanga watu tunajuana. Ukipita Ngamiani na kitambulisho shingoni, tayari wewe ni mtu wa benki. Jirani wa mama atakuita kibarazani, atakukaribisha mbaazi na mahamri, na kabla hujanawa mkono: "Mwanangu, hebu niangalizie, kiinua mgongo cha mume wangu kimeshaingia? Mbona ananificha?" Anaumia mama wa watu, wala simlaumu. Na wewe pesa ya Bodi ya Mikopo imechelewa, nauli unaazima, halafu anakukunjia elfu kumi mkononi, "ya soda". Rudisha. Mwambie, "Shangazi, mimi kule ni mwanafunzi, akaunti za watu sizifungui. Ya baba muulize baba." Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi ukijikwaa kwenye salio la mtu, ndoa inaweza kuvunjika au mzee akaibiwa.

Sisemi kukutisha. Zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" nyingi hutupwa kwa kubahatisha, na bado watu wanaliwa. Sasa fikiria tapeli anayejua jina kamili la mzee, tawi lake, na kwamba juzi kapokea mafao. Huyo habahatishi tena. Na uvumi wa kibarazani husafiri mpaka masikio usiyoyajua.

Watu wa mji huu walizoeana na benki zamani. Handelsbank für Ostafrika ilianzishwa hapa Tanga mwaka 1911, enzi za Mjerumani na mkonge. Benki zikataifishwa mwaka 1967, NBC ikazaliwa, kisha mwaka 1997 NBC ikagawanywa na NMB ikapatikana. Leja za karatasi zimekuwa kompyuta, sasa zimo hadi kwenye simu ya mkononi. Lakini mzee wa Pangani bado anataka yale yale: pesa yake aikute, na jirani asijue ni kiasi gani. Sheria nayo iko upande wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa, hata kama hukuchukua senti. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukiambiwa "angalia tu, hakuna atakayejua", kumbuka mifumo ya benki huweka kumbukumbu ya nani kafungua akaunti gani, na saa ngapi.

Sasa nakugeukia wewe uliyeniandikia usiku, kwamba umeshaangalia. Nywila ulipewa na mwenzako, akaunti ni ya mjomba wa rafiki yako, salio ukamtajia, na tangu hapo hulali. Mdogo wangu, umekosea, na kosa lenyewe si dogo. Lakini si wa kwanza kushindwa kumkatalia rafiki, na moyo unaokunyima usingizi bado ni mzima. Usisubiri waje kukuuliza, wala usimbebeshe lawama aliyekupa nywila. Mwambie mapema kwamba unakwenda kusema, asisikie kwa wengine. Kesho fika kabla mlango wa wateja haujafunguliwa, umwombe msimamizi wako dakika chache faragha. Mtajie siku, akaunti, aliyekuomba na ulichokisema. Usipunguze neno. Fildi inaweza kukatishwa, na chuo kikajulishwa. Jiandae kwa hilo, na mama mwambie wewe mwenyewe usiku huu. Nauli kama huna, mweleze hivyo hivyo, atakupa.