Vivumishi vya Kiingereza na Vihusishi Vinavyoandamana Navyo: Mtazamo Linganishi kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza jinsi vivumishi vya Kiingereza vinavyoandamana na vihusishi katika matumizi ya kila siku, na jinsi uandamani huo unavyomtatiza mwanafunzi anayekifikia Kiingereza kwa kupitia Kiswahili. Kata ya Kaoze, iliyoko katika Bonde la Ziwa Rukwa chini ya uwanda wa juu wa Ufipa, inachukuliwa kuwa kielelezo cha mazingira ya mwanafunzi huyo. Kifipa, ambacho Guthrie alikiainisha kuwa M13, ndicho lugha kuu ya uwanda; bondeni kinakutana na lugha nyingine, kikiwamo Kisukuma cha wafugaji waliohamia huko. Lugha inayowaunganisha wote ni Kiswahili, nacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu kipindi cha Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Mwanafunzi huyo aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Criper na Dodd walionyesha katika ripoti yao ya mwaka 1984 kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Kwa hiyo, jambo linaloonekana dogo, kama vile kihusishi gani kifuate kivumishi fulani, si suala la somo la Kiingereza peke yake. Linagusa jibu la jiografia, la baiolojia na la historia.

Hoja ya makala hii ni kwamba kosa la kihusishi baada ya kivumishi halitokani na uzembe wa kukariri. Linatokana na tofauti ya mahali ambapo kila lugha huuweka uhusiano kati ya hali na kile kinachohusika na hali hiyo. Sentensi zilizotiwa nyota hapa chini ni zile zinazotabiriwa na ulinganishi wa mifumo ya lugha hizi mbili; hazikukusanywa katika shule yoyote.

2.0 Mahali pa uhusiano katika lugha hizi mbili

Katika Kiingereza, kivumishi hakiwezi kwa kawaida kuchukua yambwa moja kwa moja. Kitenzi "fear" huchukua yambwa bila kiungo, lakini kivumishi "afraid" huhitaji kihusishi "of". Katika hili kivumishi cha Kiingereza hufanana na nomino: husemwa "fear of snakes" kama isemwavyo "afraid of snakes". Zaidi ya hayo, kila kivumishi huchagua kihusishi chake, na uchaguzi huo ni sehemu ya maana ya neno kama ilivyo sehemu ya sarufi yake.

Kiswahili kina vivumishi vya asili vichache. Hali nyingi ambazo Kiingereza huzieleza kwa kivumishi, Kiswahili huzieleza kwa kitenzi: -ogopa, -jaa, -choka, -fahamu, -kasirika. Kitenzi hicho huchukua yambwa chenyewe, au huongezwa kiambishi cha kauli ya kutendea ili kiweze kuichukua. Linganisha:

(1) a. Mwalimu amekasirika.
b. Mwalimu amemkasirikia mwanafunzi.
c. "The teacher is angry with the student."

Katika (1b), kazi ya kumwingiza mwanafunzi katika sentensi imefanywa na kiambishi -i-. Katika (1c), kazi hiyo hiyo imefanywa na kihusishi "with". Inaweza kusemwa, basi, kwamba kihusishi cha Kiingereza baada ya kivumishi hufanya kazi iliyo jirani na ile ya kiambishi cha utendea katika kitenzi cha Kiswahili. Kauli ya kutendea si ya Kiswahili pekee, bali imeenea katika lugha za Kibantu. Hivyo mwanafunzi wa Ufipa huwa ameizoea hata kabla ya kwenda shule. Anachokikosa si dhana ya uhusiano, bali mazoea ya kuuweka uhusiano huo nje ya neno.

3.0 Maeneo matatu ya utatizi

3.1 Yambwa isiyo na kiungo

Eneo la kwanza ni la vitenzi vya Kiswahili vinavyochukua yambwa bila kihusishi chochote:

(2) a. Mtoto anaogopa nyoka. "The child is afraid of snakes."
b. Wanakijiji wanafahamu hatari hiyo. "The villagers are aware of the danger."
c. Ndoo imejaa maji. "The bucket is full of water."
d. Mama anajivunia mwanawe. "The mother is proud of her child."
e. Anamwonea wivu jirani yake. "He is jealous of his neighbour."

Kosa linalotabirika hapa ni kuacha kihusishi: *"The child is afraid snakes." Hata hivyo, mifano hii ina faida kubwa kwa mwalimu. Katika yote mitano, kihusishi cha Kiingereza ni kimoja, yaani "of". Vivumishi "fond", "capable" na "tired" navyo vimo katika kundi hili, na Kiswahili hutumia -penda, -weza na -choka. Kihusishi "of" hapa hakina maana ya mahali wala ya chanzo. Ni alama tu ya yambwa ya kivumishi. Kwa hiyo kanuni ya kuanzia inaweza kuwa hii: pale ambapo kitenzi cha Kiswahili huchukua yambwa moja kwa moja, kivumishi cha Kiingereza aghalabu huchukua "of". Kanuni hii ina mipaka. Kitenzi -zoea huchukua yambwa, lakini Kiingereza husema "used to" au "accustomed to". Pia ndoo iliyo "full of water" huweza kuwa "filled with water", kwa kuwa "filled" limetokana na kitenzi na limebaki na kihusishi cha kitenzi hicho.

3.2 Neno "na"

Eneo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu neno moja la Kiswahili hugawanyika katika vihusishi vingi vya Kiingereza:

(3) a. Mpunga ni tofauti na mahindi. "Rice is different from maize."
b. Kifipa kinafanana na Kimambwe. "Fipa is similar to Mambwe."
c. Ameolewa na mvuvi. "She is married to a fisherman."
d. Amefurahishwa na matokeo. "She is pleased with the results."
e. Ameshangazwa na habari hizo. "He is surprised at the news."

"Na" ya (3a) na (3b) ni ya ulinganishi. Ile ya (3c) hadi (3e) ni ya mtenda katika kauli ya kutendwa. Mwanafunzi asiyetenganisha matumizi haya huelekea kulifanya "na" kuwa "with" kila mahali, kwa kuwa hiyo ndiyo maana anayofundishwa kwanza. Hupata (3d) kwa bahati, na hukosa (3a), (3b) na (3c): *"different with", *"similar with", *"married with".

Mfano (3c) unastahili kuangaliwa zaidi. Kiswahili hutofautisha kuoa na kuolewa, na mume huonyeshwa kuwa mtenda. Kiingereza hutumia "married to" kwa mume na mke sawasawa, bila mtenda. Mwanafunzi anayesema *"married by a fisherman" anafuata kwa uaminifu sarufi ya lugha yake. Lakini msikilizaji wa Kiingereza huweza kuelewa kwamba mvuvi ndiye aliyefungisha ndoa.

3.3 "Kwa" na "katika"

Katika eneo la tatu Kiswahili kinacho kihusishi, nacho mara husaidia, mara hupotosha. Sentensi "Rukwa ni maarufu kwa mahindi" inaafikiana vizuri na "Rukwa is famous for maize". "Hodari katika hesabu" huzaa *"good in mathematics" badala ya "good at", ingawa "katika" hiyo hiyo inafaa katika "interested in" na "weak in".

Ugumu huongezeka pale kivumishi kimoja kinapochukua vihusishi tofauti kwa maana tofauti. Mkuu wa shule huwa "responsible to the board", yaani anawajibika kwa bodi, na "responsible for the school", yaani ndiye mwenye dhamana ya shule. Vivyo hivyo, "good at" ni uhodari, "good for" ni manufaa, na "good to" ni wema kwa mtu. Hapa Kiswahili hubadilisha neno zima, ilhali Kiingereza hubadilisha kihusishi tu.

4.0 Matumizi ya kila siku na suala la usahihi

Ni lazima ikumbukwe kwamba Kiingereza chenyewe hakijatulia. "Different from" hukubaliwa kote. "Different to" husikika sana Uingereza, na "different than" Marekani. "Bored of" imeenea kando ya "bored with". Corder alitoa hoja mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga, wala si dalili ya kushindwa. Kwa mtazamo huo, *"different with" ina mantiki yake. Lakini mtihani wa taifa hausahihishwi kwa mantiki ya mtahiniwa, na mwanafunzi wa Kaoze hana fursa nyingi za kusikia Kiingereza nje ya darasa. Mwalimu anapaswa kuitambua mantiki hiyo bila kumwacha mwanafunzi nayo.

5.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba uhusiano ambao Kiingereza huuweka katika kihusishi, Kiswahili huuweka mara nyingi ndani ya kitenzi. Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kivumishi na kihusishi chake vifundishwe kama neno moja: si "afraid", bali "afraid of". Pili, mafunzo yapangwe kwa kufuata umbo la Kiswahili: kwanza vitenzi vyenye yambwa na kundi la "of", kisha "na" ya ulinganishi na "na" ya mtenda, na mwisho "kwa" na "katika". Tatu, mwalimu asione haya kukitumia Kiswahili kueleza tofauti hizi. Lugha ambayo hulaumiwa kwa kusababisha makosa ndiyo yenye maelezo ya makosa hayo, na mwanafunzi tayari anayo.