Asetaldehaidi: Sumu ya Kileo Mapafuni

Harufu ya kileo katika pumzi ya mlevi yatosha kuonyesha kwamba kileo hakiishii tumboni. Ethanoli, C2H5OH, huingia katika damu, na sehemu yake kubwa huvunjwa ndani ya ini. Kimeng'enya cha kwanza huiondolea atomu mbili za haidrojeni, ikawa asetaldehaidi, CH3CHO. Kimeng'enya cha pili huigeuza asetaldehaidi kuwa asetati, ambayo haina sumu kali. Hatari imo katikati: hatua ya kwanza ikiipita ya pili kwa kasi, sumu hurundikana.

Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Sentigredi, lakini asetaldehaidi huchemka kwenye nyuzi 20 hivi. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za mvuke atatambua maana yake. Katika mwili wenye joto la nyuzi 37, kitu chepesi namna hiyo hutoka katika damu na kuingia katika vifuko vya hewa vya mapafu kwa urahisi. Tena seli za mapafu zenyewe zina vimeng'enya vya kuvunja ethanoli, hivyo sumu hutengenezwa humo humo.

Miongoni mwa Wajapani wengi kimeng'enya cha pili hurithiwa kikiwa dhaifu. Wanywapo kidogo tu nyuso huwaiva, na baadhi ya wenye pumu hubanwa na kifua, kwa kuwa asetaldehaidi huchochea seli fulani zitoe histamini.

Ila madhara yanayostahili kuangaliwa zaidi ni yale ya vijinywele vya njia za hewa. Hivyo hupiga kama makasia, mara 10 hivi kwa sekunde, vikisukuma makohozi, vumbi na vijidudu kuelekea kooni. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walitia asetaldehaidi kwenye seli za mapafu ya ng'ombe, na vijinywele vikapunguza mwendo, kwani sumu hiyo hunata kwenye protini za seli. Huenda hii ni sababu mojawapo ya walevi wa muda mrefu kushikwa na nimonia kwa wepesi, ingawa matapishi yaingiayo mapafuni na udhaifu wa kinga navyo vina sehemu yao.

Moshi wa sigara nao una asetaldehaidi, jambo ambalo halitajwi vya kutosha madarasani. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2011, panya waliopewa kileo na kuvutishwa moshi pia walionekana na protini za mapafu zilizonatwa na sumu hiyo; waliopata kimoja tu kati ya viwili hivyo hawakuonyesha dalili hiyo.