Bei Inapopangwa Pembeni

Mabroka wanaopanda Kilungu, Makueni, kununua maparachichi, wakakubaliana njiani kwamba hakuna atakayezidisha bei fulani kwa tunda, wanavunja sheria ya Kenya hata kama hawakuandika chochote. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Agosti 2011, inawakataza washindani kupanga pamoja bei ya kuuza au ya kununua, kugawana maeneo na kula njama katika zabuni. Wengi hudhani inamlinda mteja wa dukani tu. Inamlinda mkulima pia, na ni jambo la kusikitisha kwamba habari hiyo haijafika mashambani.

Bei duni pekee si kosa. Hata bei kufanana haithibitishi njama, kwani mavuno yakifurika soko, wanunuzi wote hushusha. Kinachotafutwa ni dalili za makubaliano: ujumbe wa simu, bei iliyotangazwa katika kundi la WhatsApp, au broka aliyetishwa na wenzake kwa kuwaongezea wakulima. Ndiyo maana inafaa mkulima aandike tarehe, bei aliyopewa na aliyeitoa, na kuhifadhi risiti zake.

Mnunuzi mkubwa naye ana mipaka yake. Haruhusiwi kuchelewesha malipo au kurudisha bidhaa bila sababu ya haki, wala kumbebesha muuzaji gharama zisizo zake. Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, shilingi bilioni 1.1 kwa kuwakandamiza wasambazaji wawili, mmoja wao muuza asali. Na si wanunuzi pekee wanaobanwa: kabla ya hapo, mwaka 2014, mawakala wa M-Pesa waliruhusiwa kuhudumia mitandao mingine baada ya Mamlaka kuingilia kati; wakala wa Nunguni, hukohuko Kilungu, anafaidi uamuzi huo hadi leo.

Mtu yeyote anaweza kulalamika kwa Mamlaka bila malipo na bila wakili, na anaweza kuomba jina lake lifichwe. Ombi hilo ni muhimu kwa anayemtegemea broka huyohuyo msimu ujao. Kampuni ikipatikana na hatia hutozwa hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia nchini, na wahusika wakishtakiwa mahakamani huweza kufungwa hadi miaka 5. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana siku 30 za kukata rufaa katika Baraza la Ushindani, kisha Mahakama Kuu.