SOMO: BODI YA RELI HUUNDWAJE?

Ndugu wanakamati, hapa Ilemela tunaisubiri reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilometa 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021. Je, tukiwa na hoja kuhusu nauli au vituo, tumwendee nani?

Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliundwa upya kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017. Mwenyekiti wa Bodi huteuliwa na Rais, na wajumbe huteuliwa na Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi. Abiria hawapigi kura. Hapo ndipo inapotofautiana na kamati zetu: mjumbe aliyechaguliwa huwajibika kwa waliomchagua, aliyeteuliwa huwajibika kwa aliyemteua.

Hata hivyo abiria ana mlango. Sheria ya mwaka 2019 iliunda LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, pamoja na baraza la ushauri la watumiaji wa huduma hizo. LATRA hukusanya maoni ya wadau kabla ya kupanga nauli.

Tujadili: Siku ya maoni, nani atatusemea? Tumemtuma aseme nini? Tuandike hoja zetu mapema, kabla treni haijaanza safari.