Upatanisho wa Ngeli ya Mahali: Kuieleza Picha ya Uwanja

Tumekwisha kuona kuwa nomino ikipokea kiambishi tamati -ni huingia katika ngeli ya mahali, na kitenzi chake hupokea pa-, ku- au m-. Kinachowatatiza wanafunzi ni uteuzi, na picha hurahisisha kazi hiyo kwa kuwa mtazamaji husimama mahali pamoja.

Canaletto (1697–1768), mchoraji wa Venice, aliuchora mara nyingi kwa kalamu na wino uwanja mkuu wa mji wake, Piazza San Marco: kanisa, mnara wa kengele, matao, na vijitu vidogo vilivyotapakaa katikati. Tukiieleza picha ya namna hiyo twasema:

Uwanjani pamejaa watu. (mahali dhahiri)
Kanisani mna giza. (ndani)
Kule nyuma kuna nyumba nyingine. (eneo lisilo dhahiri)

Sentensi Uwanja umejaa watu haina -ni, hivyo upatanisho wake ni wa nomino yenyewe. Uwanjani wamejaa watu nayo ni sahihi, kwani kitenzi kimepatana na watu. Mwalimu asiikate kwa wino mwekundu.

Sasa tuihamishe picha hadi Nateete, penye soko, teksi na bodaboda kando ya barabara ya Masaka. Mwanafunzi msemaji wa Kiganda anazo tayari mulimu, kuliko na waliwo. Mu katale mulimu abantu humfikisha salama kwenye Sokoni mna watu. Mtego umo katika ku. Katika Kiganda huonyesha aghalabu juu ya kitu, kama ku mmeeza, ilhali ku- ya Kiswahili huonyesha eneo lisilo na mipaka. Kwa hiyo Mezani pana kitabu ndiyo sentensi tunayoipendelea darasani, ingawa wasemaji wengi hutumia kuna kila mahali.

Kosa zito zaidi ni Kitabu kiko kwa meza au Mama yuko kwa soko. Hapo ku ya Kiganda imevaa vazi la kwa. Kwa ya mahali huandamana na mtu: kwa fundi, kwa shangazi. Kosa hili lisahihishwe kwanza, kabla ya kubishania pana na kuna.

Zoezi: Chora ubaoni njia panda ya Nateete wakati wa jioni. Waelekeze wanafunzi watunge sentensi sita, mbili kwa kila kiambishi, kisha waeleze mtazamaji amesimama wapi.