Je, ni ya 2021 kweli? Soma mwaka wa SUV ya umeme kabla ya kutuma dipositi

Mwezi uliopita anti yangu wa Thika alinipigia simu saa tatu usiku. "Wewe si unafanya kazi na hawa watu wa pesa za simu? Nataka kutuma laki moja, niambie kama iko sawa." Alikuwa ameona SUV ya umeme mtandaoni, Hyundai Kona, imeandikwa "2021", picha safi, bei ya kuvutia. Muuzaji alitaka shilingi 100,000 usiku huo huo "ndio gari isiende", tena kwa nambari yake binafsi, si ya yadi.

Nilimwambia aombe kitu kimoja kabla ya kuweka PIN: nambari ya chesisi.

Nambari hiyo ina herufi na tarakimu 17. Hesabu kutoka kushoto hadi ya kumi. Kwa Hyundai na MG, mara nyingi hapo ndipo mwaka wa modeli huandikwa: J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023. (Usishangae O haipo kati ya N na P. Inafanana na sifuri, kwa hivyo haitumiki.)

Ya gari la anti ilikuwa K. Muuzaji alipoulizwa, hata hakushtuka. Akasema 2021 ni mwaka gari lilipoingia Kenya.

Hapo ndipo wengi hushikwa. Gari moja linaweza kuwa na miaka mitatu: mwaka lilipoundwa, mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza lilikotoka, na mwaka lilipopata namba pleti ya Kenya. Pleti ya KD mpya haisemi chochote kuhusu umri. Ukiagiza mwenyewe kutoka nje, KEBS huangalia mwaka wa usajili wa kwanza, na gari halifai kuzidi miaka 8. Lakini wewe unayenunua la umeme unafaa kujali zaidi mwaka wa kuundwa, kwa sababu mwaka ndio hukuambia ni betri gani iko chini ya sakafu.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa kWh. Usiogope neno hilo. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya stima, ile ile unayonunua kwa tokeni. Betri ya kWh 64 ni kama tangi la uniti 64, ingawa utalipia zaidi kidogo kwa sababu nyingine hupotea kama joto wakati wa kuchaji.

Sasa chukua MG ZS EV, mojawapo ya SUV za umeme unazoweza kuagiza kutoka Uingereza, maana usukani wao uko upande wetu. Ilipoanza kuuzwa huko mwaka wa 2019 ilikuwa na betri ya uniti 44.5, na kipimo rasmi cha kilomita 263. Mwishoni mwa 2021 ikaja yenye uniti 72.6, kilomita 440. Mwaka wa 2022 ikaongezwa ya uniti 51.1, kilomita 320. Jina ni moja, lakini kati ya ndogo na kubwa kuna tofauti ya kilomita 177. Na ukiona tangazo la "MG ZS EV 2021", inaweza kuwa ya kwanza au ya pili! Angalia uso wa gari. Ya zamani ina grili ya kawaida, na chaji huchomekwa nyuma ya nembo ya MG. Mpya uso wake umefungwa bila matundu ya grili.

Vipimo hivyo rasmi ni vya maabara, na gari likizeeka betri hupungua. Kwa hivyo ile ya kilomita 263 ni gari zuri la kwenda kazini, hata Naivasha na kurudi ukiwa mpole na mafuta, samahani, na stima. Lakini Nairobi hadi Nakuru na kurudi ni kama kilomita 320. Lazima uchaji njiani. Mombasa ni kama kilomita 480 kwenda tu, na kurudi ndiko kugumu zaidi kwa sababu unapanda karibu mita 1,700. Kwa gari la tani 1.7, kupanda huko peke yake hula takriban uniti 8, kabla hujahesabu mwendo wenyewe. Ukinunua kwa sababu ya safari za ushago, usinunue kwa kuangalia rangi.

Turudi kwa Kona ya anti. Kona za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 39.2 au 64, kwa hivyo kwanza uliza ni ipi. Halafu kuna jambo zito zaidi. Februari 2021 Hyundai ilitangaza kubadilisha betri za magari karibu 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona za umeme zilizoundwa kabla ya Aprili 2020, baada ya baadhi kushika moto. Wizara ya uchukuzi ya Korea Kusini ilitaja kasoro ndani ya seli za betri. Si kila Kona iliathirika. Lakini ya 2019 ambayo haina rekodi yoyote, mimi singeiegesha chini ya nyumba ninamolala.

Na hapa mambo yanageuka. Kona ya 2019 iliyobadilishiwa betri mwaka wa 2021 au 2022 ina betri changa kuliko gari lenyewe. Ikiwa na karatasi za kuthibitisha, huenda ikawa bora kuliko ya 2020. Kwa hivyo gari la anti halikuwa lazima liwe baya. Kilichokosekana ni karatasi. Muuzaji hakuwa nazo, na alianza kukasirika alipoulizwa.

Kama gari limetoka Uingereza, omba namba pleti yake ya huko. Ukiiweka kwenye tovuti ya GOV.UK utaona bure historia ya ukaguzi wake wa MOT, pamoja na masafa yaliyosomwa kila mara. Ukaguzi huo huanza gari likifika miaka mitatu, kwa hivyo changa sana huenda lisiwe na kitu. Kumbuka pia dashibodi yao husoma maili. "40,000" ni kilomita 64,000 hivi.

Likiwa tayari lina usajili wa Kenya, tafuta rekodi zake za NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mwenye gari, mwaka wa kuundwa, na kama kuna benki inayolidai. Kisha mpeleke fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, akuambie afya ya betri imebaki asilimia ngapi. Usitegemee kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi. Hizo hubadilika kulingana na jinsi dereva wa mwisho alivyoendesha.

Pesa sasa. Muamala mmoja wa simu una kikomo cha shilingi 250,000, kwa hivyo bei yote ya gari haipiti kwa simu mara moja. Kinachopita ni dipositi, na ndiyo maana matapeli huipenda. Tuma kwa Paybill au Till ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa si jina la yadi uliyotembelea, simama. Kabla ya kutuma, pata makubaliano yaliyoandikwa nambari ya chesisi, mwaka wa kuundwa, ukubwa wa betri, na lini dipositi itarudishwa gari likikutwa si kama lilivyotangazwa. Hifadhi ujumbe wa muamala. Na "lipa usiku huu" mwambie utalipa asubuhi ukiwa umesimama mbele ya gari.

Anti hakutuma. Gari lile bado liko mtandaoni, sasa limeandikwa "2020". Juzi amenitumia chesisi nyingine, ya kumi ni M, na Jumamosi tunaenda na fundi.